Baba Hakuwa Mtu wa Kukumbatia

Tyler, Texas
3 Machi 2012

Dada Verlene,

Nianze na goti la shemeji Garland. Linaendeleaje? Mwambie aache kupanda ngazi ya banda, najua bado anapanda. Huku kwetu hatujambo. Twyla kapanda nyanya mapema mno, kama kila mwaka, na baridi itazikamata kama kila mwaka, kisha mke wangu atashangaa kama kila mwaka. Mimi mzima, ila sauti siku hizi inachelewa kuamka. Hadi saa nne asubuhi nazungumza kama mlango mbovu.

Sasa jambo lenyewe, na kaa chini kwanza. Wanatengeneza filamu, na mimi nimo. Ni zile filamu za familia, za watu wa kanisani, zisizo na tusi wala risasi, ambazo mwishoni ukumbi mzima unatafuta leso. Wanatuchukua sisi waimbaji kwa sababu watu wanatujua na hatugombani sana. Mwongozaji anaitwa Kessler. Ana umri wa mwanangu wa mwisho, lakini ana heshima.

Hadithi ni ya kwetu, dada. Kijana wa Tennessee anatoka kwenye kanisa linalokataza ala yoyote kwenye ibada, anakwenda kupiga gitaa, na baba yake ndiye kiongozi wa nyimbo wa kanisa hilo. Tanner, mwimbaji ambaye wajukuu wa kila mtu wanamjua, ataniigiza mimi. Mimi nitamwigiza Baba. Usicheke. Nimeshajitazama kwenye kioo na masikio ni yale yale.

Nakuomba vitu viwili. Kofia ya Baba ya kijivu, na kile chuma chake cha kupimia sauti, cha pembe mbili, alichokuwa akigonga gotini na kukileta sikioni kabla hatujaanza wimbo. Nitavirudisha vyote salama. Na nina swali moja. Mwishoni kabisa Baba anamkumbatia kijana wake. Nimekaa nikajaribu kukumbuka Baba alikuwa anakumbatia vipi, na sipati kitu. Wewe ulikaa naye muda wote. Ilikuwaje?

Nimeweka skripti ndani ya bahasha uisome.

Mdogo wako,
Doyle


Lick Creek, Tennessee
29 Machi 2012

Doyle,

Sisi wazima, asante. Garland jana alipanda ngazi. Amani Pruitt, binti wa marehemu baba mdogo, kajifungua mtoto wa kiume mwenye nywele hadi mabegani, watu wanakwenda kumtazama kama wanakwenda maonyesho. Mvua ya mawe ilipiga mabati ya banda lakini haikuharibu kitu.

Barua yako ilifika tangu tarehe saba. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na Mama alitufundisha tusiandike tukiwa na hasira. Bado ninazo, ila nimechoka kuzisubiri ziishe.

Nimesoma hiyo skripti mara mbili. Ukurasa wa kumi na nne: "Baba anasimama mbele ya kanisa, karibu na piano." PIANO! Doyle! Piano, kwenye kanisa la Lick Creek! Nilipiga ukelele Garland akatoka bafuni na sabuni kichwani akidhani nimeungua. Huyo Kessler wako anadhani kanisa lisilo na piano ni kanisa lililokosa pesa ya kununua? Baba aliongoza nyimbo pale miaka thelathini na tisa kwa mdomo wake na kile chuma. Watu mia moja na ishirini, sauti nne, bila hata filimbi. Na wewe ulikuwapo. Wewe ndiwe ungewaambia.

Halafu ukurasa wa tisini na moja. Baba anaingia kwenye tamasha la mwanawe, anatembea katikati ya watu wote, gitaa zinalia, anapanda jukwaani na kumkumbatia. Loo! Nani kaandika uongo huu? Baba hakukanyaga ukumbi wenye gitaa maisha yake yote. Wewe unajua. Mimi najua. Lick Creek nzima inajua, na watakwenda kuitazama hiyo filamu, na watanitazama mimi.

Chuma sikutumii.

Dada yako,
Verlene


Tyler, Texas
10 Aprili 2012

Dada mpendwa,

Hongereni kwa mtoto mwenye nywele. Twyla anasalimu. Nyanya zimekufa.

Piano imeondoka. Nimebishana na Kessler wiki nzima. Akaniambia watazamaji watadhani wamesahau kuleta piano. Nikamwambia wacha wadhani, waimbaji wakianza watasahau kama kuna chombo kinaitwa piano. Akasema sawa, lakini nani ataimba? Nikasema tutatafuta watu wa makanisa yetu huko Georgia tunakopigia picha, watu wanaojua. Kwa hiyo dada, hasira yako imefanya kazi. Mwaka huu umeokoa kanisa moja.

Nilipokuwa namweleza, kila kitu kilinirudia. Unakumbuka shule ya kuimba kila Julai? Siku kumi, madirisha wazi, kila mtu na pepeo la karatasi lenye tangazo la kampuni ya mazishi. Nota zenye maumbo ubaoni, pembetatu, duara, mraba, na Baba na fimbo yake. Besi kule nyuma, teno kulia, soprano kati, na ninyi alto mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa na miaka sita, nikakaa kwenye besi na kulia kwamba na mimi nina sauti nene. Baba hakucheka. Aliniambia, "Basi imba, Bwana Besi." Halafu mchana chakula kwenye meza ndefu nje, na pudini ya ndizi ya Mama, na wewe unanipiga kijiko kwenye vidole nisiibe maganda ya juu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena. Nimeimba mbele ya watu elfu nane, dada, nami nakwambia sijawahi.

Kuhusu ukurasa wa tisini na moja, waandishi ni wengi na mambo ya filamu ni marefu. Lakini hujanijibu swali langu. Baba alikuwa anakumbatia vipi?

Doyle


Lick Creek, Tennessee
22 Mei 2012

Doyle,

Garland hajambo goti, sasa ni mgongo. Maharagwe yamekubali mwaka huu. Mtoto wa Amani kanyolewa, na mama yake analia.

Hayakuwa maganda, lilikuwa povu la mayai lililookwa, na hukupigwa kwa kuiba, ulipigwa kwa kuiba na mkono mchafu. Ukitaka kukumbuka, kumbuka vizuri.

Lakini nami nakumbuka. Nakumbuka Jumapili ya mwisho ya Agosti, kanisa limejaa hadi watu wanakaa kwenye madirisha, Baba anagonga chuma gotini, anakisikiliza, anatupa sauti kwa kunong'ona tu, "Do... mi... sol," halafu anainua mkono. Kabla mkono haujashuka kulikuwa na kimya fulani. Nimekuwa nikikitafuta kimya kile tangu afariki. Siku hizi tuko watu thelathini na mbili, na anayetuongoza ni Garland, na Garland, Mungu amsaidie, ni mtu mwema.

Unasema waandishi ni wengi. Sikuuliza idadi yao. Niliuliza jina.

Nakutumia kofia. Chuma hapana. Pikapu ya kijani ya Baba bado inawaka, Garland anaiwasha kila Jumamosi. Watu wanataka kuinunua na mimi sitaki, na usiniulize kwa nini. Hilo swali lako lingine, nina maharagwe ya kutia chupani.

Verlene


Newnan, Georgia
14 Juni 2012

Dada Verlene,

Sijambo, nimechoka. Huku joto linakaa juu ya kichwa kama mtu. Kofia ilifika, asante. Ndani bado ina jasho lake pale kwenye ukanda. Nilipoivaa mara ya kwanza Kessler alinipa nusu saa nikakae nje.

Nakuandikia kwa sababu jana tulipiga picha ya kumbatio, na nimeshindwa. Mara kumi na moja, dada. Tanner ni mtoto mzuri, anasimama pale na gitaa lake, machozi tayari, mimi natembea kumwendea, nikifika mikono yangu haijui iende wapi. Mara namshika kama mgonjwa, mara kama mtu niliyempoteza stesheni. Kessler akaniambia kwa upole, "Mzee Doyle, mkumbatie tu vile baba yako alivyokukumbatia." Nikamwambia nahitaji maji. Sikurudi. Leo tunapumzika, na Jumatatu ya tarehe ishirini na tano lazima tuimalize, kwa sababu ukumbi unatakiwa na watu wengine.

Umeniuliza jina mara mbili. Ni mimi. Skripti yao iliishia Baba akiwa kaburini na kijana akiimba juu ya kaburi. Mimi nikamwomba Kessler aniachie kurasa tatu za mwisho, nikaziandika mezani kwa Twyla asubuhi moja. Nilijua ni uongo. Nilitaka kuona ingekuwaje. Nina miaka hamsini na tisa, nimeimba kuhusu baba anayempokea mwanawe kwenye kila mji wenye taa za barabarani, watu wanakuja kunishika mkono na kuniambia wamempigia simu baba yao usiku huo huo. Na mimi neno la mwisho nililosikia kwa wangu ni, "Ukipiga hicho kitu, mimi sitakuwepo kusikia." Mwaka sabini na tisa. Miaka kumi na miwili baadaye nilikaa benchi la nyuma kwenye mazishi yake na sikuimba, kwa sababu sikujua kama angetaka.

Kwa hiyo nakuuliza kwa mara ya mwisho, na kama hujui sema hujui. Kuna lolote? Aliwahi kukumbatia mtu? Aliwahi kunitaja?

Doyle


Lick Creek, Tennessee
18 Juni 2012

Mdogo wangu Doyle,

Leo sina salamu ndefu. Barua yako imefika saa tano na sasa ni saa sita, Garland anasubiri nje injini ikiwaka aiwahishe posta kwa njia ya haraka.

Baba hakuwa mtu wa kukumbatia. Alikuwa anakushika nyuma ya shingo, hapo nywele zinapoishia, anakutikisa mara mbili, polepole, halafu anakuachia. Basi. Alikufanyia hivyo siku ya Bwana Besi. Jaribu kwa mkono wako mwenyewe sasa hivi, shingo yako itakumbuka.

Na ya pili ni hii. Alikuja, Doyle.

Ulipokuwa unakuja kuimba pale ukumbi wa michezo wa shule ya Pikeston, maili sitini kutoka hapa, Baba alikuwa nje. Mwaka themanini na tatu ndiyo mara ya kwanza. Alikuja nyumbani kwangu amevaa suti ya Jumapili, siku ya Alhamisi, akasema macho yake hayaoni barabara vizuri, nimwendeshe kwa ile pikapu yake. Sikuuliza wapi. Tukaegesha pembeni, karibu na mlango wa kando ambao huwa wanauacha wazi kwa ajili ya joto. Akashusha kioo. Nikamwambia, "Baba, si tuingie?" Akaniambia, "Nikiingia nimeabudu na gitaa. Nikikaa hapa mimi ni mtu aliyesimamisha gari." Nikamwambia hilo hata wazee wa kanisa wasingelikubali. Akasema ndiyo maana hatuwaambii.

Alikaa mpaka wimbo wa mwisho. Alikupigia mizani ya wimbo kwenye dashibodi, mkono wa kulia, kama uko mbele yake na shule nzima ya kuimba. Ukikosea kuingia alisimamisha mkono akakusubiri. Na kila ulipoanza wimbo alisema, "Kaanza juu tena, huyu mtoto." Tulikuwa na thamosi ya kahawa na mkate wa Mama wenye nyama ya nguruwe, na hakugusa. Mara saba, Doyle. Mara saba kwa miaka saba. Alikuwa anajua ratiba yako kuliko wewe.

Aliniapisha. Alisema, "Usimwambie, atadhani nimekubali lile gitaa." Nikaapa. Lakini Baba alikufa mwaka tisini na moja, na kiapo kwa mtu aliyekufa hakinifungi mdomo miaka ishirini na moja, sijidanganyi. Siku ya mazishi nilikuona unaondoka kabla ya chakula. Nilikuwa na sahani ya pudini mkononi na neno liko mdomoni. Nikalimeza.

Nitakwambia kwa nini, na baada ya hapo unaweza kuninyamazia, nitakuwa nimestahili. Nilikuwa na wivu. Mimi nilikaa benchi la mbele la alto, hatua tatu kutoka kwake, kila Jumapili ya maisha yangu. Nilimpikia. Nilimwosha miguu mwisho wake. Hakuwahi kuniambia hata siku moja, "Verlene, umeimba vizuri." Kwako wewe uliyeondoka alisafiri maili sitini amevaa suti. Nikaona basi, hiki kimoja nitakibakiza mimi. Nimekibakiza, na hakijanifaa kitu. Nisamehe.

Kwenye kifurushi kuna chuma chake. Usikigonge mezani kama nilivyosoma kwenye skripti yenu. Gotini.

Dada yako,
Verlene


Newnan, Georgia
27 Juni 2012

Dada yangu,

Kifurushi kilifika Jumamosi. Nilisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi za hoteli, halafu nikakaa hapo hapo kwenye ngazi, watu wakawa wananiruka.

Nimejishika shingo. Ulisema kweli, imekumbuka.

Nilimpa Kessler barua yako aisome, natumaini hutakasirika. Aliisoma, akavua miwani, akauliza, "Hiyo pikapu ilikuwa rangi gani?" Jumatatu ukumbi hatukuutumia kabisa. Tulikwenda kwenye maegesho. Kwa hiyo filamu inaishia hivi: kijana anaimba ndani, humwoni, unamsikia tu kupitia mlango wa kando. Nje mzee yuko ndani ya gari na mkono wake kwenye dashibodi. Hakuna kumbatio. Mara moja tu, dada, tukapata. Kessler hata hakusema simama, nilipiga mizani mpaka wimbo ukaisha wenyewe.

Sikunyamazii. Nilikasirika siku moja nzima, nakwambia ukweli, nilikasirika hadi Twyla akakata simu. Miaka ishirini na moja si michache. Lakini nilipofika pale kwenye wivu wako nikaweka barua chini na kucheka, kisha nikalia, kwa sababu mimi nimekuonea wivu tangu mwaka sabini na tisa. Ulikuwa na benchi lile.

Na kuhusu yeye kutokukuambia. Mimi nilikaa nyuma kwenye besi, nilikuwa namwona. Baba alikuwa akishatoa sauti anageuka kidogo kushoto kabla ya kuinua mkono. Kila wimbo. Nilidhani ni shingo inamuuma. Alikuwa anasubiri kuona kama wewe uko tayari, dada. Kile kimya unachokitafuta alikuwa anakusubiri wewe.

Filamu itakuja kuonyeshwa Pikeston mwakani, Machi, kwenye ukumbi ule ule, Jumamosi saa tisa mchana, na baada yake nitaimba. Najua huingii. Sikuombi uvunje kitu. Lakini wimbo wa mwisho nitaweka gitaa chini na kutoa chuma. Watakuwa watu wenye sauti zao tu, hakuna atakayeweza kusema uliabudu na kitu kingine. Mlango wa kando utakuwa wazi. Ninahitaji alto.

Bwana Besi


Lick Creek, Tennessee
11 Machi 2013

Doyle,

Natumaini mlifika Texas salama na Twyla hajapanda nyanya. Garland anasema asante kwa kumwachia kofia ya Baba, na anaivaa hadi mezani, nitaificha.

Nakuandikia haraka ili jambo moja likae sawa, maana binamu zako wameanza maneno. Wanasema juzi niliingia mbio. Sikuingia mbio. Nilikuwa nimekaa zangu kwenye pikapu na chai yangu ya barafu, nikasikia umeweka gitaa chini, nikasikia chuma, nikafikiria kwanza, nikapima jambo, kisha nikatoka garini kwa adabu kama mwanamke wa miaka sitini na sita na kuingia mlango wa kando ubeti wa kwanza ukiwa katikati. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na ukiulizwa useme hivyo.

Kwa kukushika shingo mbele ya watu sitaomba radhi.

Na ulianza juu. Alto zote tulikuwa tunachungulia dari.

Dada yako,
Verlene


Tyler, Texas
16 Machi 2013

Dada Verlene,

Tumefika salama. Nyanya zimeshapandwa.

Nitasema hivyo hivyo kwa yeyote atakayeniuliza: kwa adabu. Ila lazima ujue kwamba mlinzi wa shule alikuja kwangu watu walipokuwa wanatoka. Akasema kuna pikapu ya kijani nje, injini inaunguruma, mlango wa dereva wazi hadi mwisho, chai imemwagika kiti kizima na kiatu kimoja cha mwanamke kiko chini kwenye lami. Akaniuliza kama namjua mwenyewe.

Nikamwambia namjua. Ni ya baba yangu.

Doyle